Gitaa la besi la zamani: Lini thamani yake inalingana na bei?

MAGITAA machache ya besi yametafutwa na wanamuziki kama yale ya aina ya Fender Jazz Bass yaliyotengenezwa nchini Marekani kati ya mwaka 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Gitaa la aina hiyo la miaka ya 1970 huuzwa kwa maelfu kadhaa ya dola za Marekani, na yale ya miaka ya mwanzo kabisa, ya 1960 hadi 1962, bei yake huzidi dola 10,000. Wakati huohuo, kampuni hiyohiyo huuza magitaa mapya yenye umbo na mpangilio uleule, yanayotengenezwa Mexico, kwa kawaida kwa chini ya dola 1,000.

Tofauti hiyo ya bei ndiyo inayomweka mnunuzi njia panda. Kabla ya kutoa fedha, hana budi kujiuliza swali moja: maelfu hayo ya ziada yananunua nini hasa?

Bei ya gitaa la zamani ina sehemu mbili. Ya kwanza ni thamani ya chombo cha kazi, yaani shingo iliyonyooka, sauti safi na uwezo wa kuhimili onyesho la usiku kucha. Ya pili ni thamani ya uhalisi, yaani umri wa gitaa na kuwapo kwa vipuri vyake vyote vya awali.

Thamani ya kwanza hupimwa kwa mikono na masikio. Ya pili hupimwa kwa ushahidi. Mnunuzi asiyezitenganisha anaweza kulipia uhalisi ambao haupo, au kupata gitaa halisi lisilopigika.

Kwa mwanamuziki wa Afrika Mashariki uamuzi huo una uzito wa pekee. Katika historia ya muziki wa dansi nchini Tanzania, vyombo vingi vilikuwa mali ya bendi au ya taasisi iliyoimiliki. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park Orchestra ilipata kuwa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC.

Mwanamuziki anayenunua besi yake mwenyewe anaweka mtaji wake mwenyewe hatarini. Akikosea, hakuna shirika litakalomfidia.

Sifa zilikotoka

Leo Fender, aliyekuwa fundi wa redio mjini Fullerton, California, alitoa gitaa la besi la umeme liitwalo Precision Bass mwaka 1951. Lilimwondolea mpiga besi mzigo wa kubeba besi kubwa ya kusimama, na kwa kuwa lilikuwa na freti, yaani vipande vyembamba vya chuma vinavyokatiza shingo, lilimwezesha kupata noti sahihi kwa urahisi.

Jazz Bass lilifuata mwaka 1960. Shingo yake ni nyembamba zaidi kuelekea kichwani, na lina vinasa sauti viwili, ambavyo wanamuziki huviita pikapu, badala ya kimoja.

Januari 1965, kampuni ya Fender ilinunuliwa na shirika la CBS kwa dola milioni 13. Wapigaji wengi waliamini kwamba baada ya hapo uzalishaji uliongezeka na umakini ukapungua. Imani hiyo ndiyo iliyozaa msemo wa "kabla ya CBS", ambao hadi leo hupandisha bei. Mwaka 1985, CBS iliiuza kampuni hiyo kwa kundi la wafanyakazi wake lililoongozwa na Bill Schultz.

Magitaa ya miaka ya 1970 yalidharauliwa kwa muda mrefu. Mengi ni mazito, yana rangi nene ya poliesta, na kuanzia katikati ya muongo huo shingo yake ilifungwa kwa skrubu tatu badala ya nne. Hata hivyo, bei za yale ya miaka ya 1960 zilipokuwa hazishikiki, wanunuzi waliyageukia haya, nayo yakapanda bei.

Wapigaji mashuhuri pia walichangia. Jaco Pastorius alijulikana kwa Jazz Bass la mwaka 1962 lisilokuwa na freti. Marcus Miller amefanya kazi kubwa kwa Jazz Bass la mwaka 1977, ambalo lilifanyiwa marekebisho na fundi Roger Sadowsky wa New York.

Mfano wa Miller una funzo kwa mnunuzi. Gitaa lake lilitoka katika kipindi kilichodharauliwa, tena lilibadilishwa saketi, lakini limekuwa moja ya sauti za besi zinazotambulika zaidi duniani. Mwaka wa kutengenezwa haumhakikishii mtu ubora, wala haumnyimi.

Shingo kwanza

Ukaguzi wa gitaa la zamani huanzia kwenye shingo, kwa kuwa ndiyo sehemu ghali zaidi kuitengeneza inapoharibika na ndiyo inayoamua kama gitaa litapigika.

Mnunuzi alitazame gitaa kuanzia kwenye daraja kuelekea kichwani, kama seremala anavyotazama ubao kujua kama umepinda. Kingo mbili za shingo zinapaswa kwenda sambamba. Iwapo upande mmoja umeinuka kuliko mwingine, shingo imejipinda kwa kusokotwa, na kasoro hiyo ni ngumu kurekebisha.

Hatua inayofuata ni kubana uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja. Katikati, karibu na freti ya saba au ya nane, panapaswa kubaki nafasi ndogo inayokaribia unene wa kadi ya jina. Nafasi kubwa ina maana kwamba shingo imeinama mbele. Kukosekana kwa nafasi kuna maana kwamba imerudi nyuma.

Kuinama huko si tatizo kama fito ya chuma iliyopita ndani ya shingo bado inafanya kazi. Fundi huikaza au kuilegeza kwa nati yake. Katika magitaa yenye skrubu tatu nati hiyo ipo kichwani na inafikika kwa urahisi. Katika yale ya awali ipo kwenye kisigino cha shingo, hivyo mara nyingi fundi hulazimika kuifungua shingo.

Tatizo ni pale nati inapokuwa imekazwa hadi mwisho na shingo bado imeinama. Hapo mnunuzi anatazama matengenezo makubwa, na hapaswi kulipa bei ya gitaa zima.

Freti nazo zikaguliwe. Zilizolika hadi kuwa bapa, au zenye mitaro chini ya nyuzi, zitahitaji kubadilishwa. Baada ya hapo mnunuzi apige kila noti, uzi kwa uzi, freti kwa freti, bila kuruka hata moja.

Katika magitaa ya umbo hili ni kawaida kukuta noti inayokufa mapema, hasa kwenye uzi mwembamba wa G kati ya freti ya tano na ya saba. Haimaanishi kwamba gitaa ni bovu. Lakini kama noti hiyo hufifia kabla ya mpigo kukamilika, mpigaji ataisikia kasoro hiyo kila siku ya kazi.

Uzito nao ni sehemu ya ukaguzi. Yapo magitaa ya miaka ya 1970 yanayozidi kilo 4.5. Dukani uzito huo huonekana wa kawaida, lakini onyesho la dansi la saa nne au zaidi ni suala la bega na mgongo. Inafaa kulivaa gitaa kwa mkanda kwa angalau nusu saa kabla ya kuamua.

Masikio na umeme

Kwa kawaida Jazz Bass lina vitufe vitatu: viwili vya kiasi cha sauti, kimoja kwa kila pikapu, na kimoja cha kupunguza ukali wa sauti. Halitumii betri, isipokuwa kama limeongezewa saketi.

Kipimo rahisi ni kuliunganisha na amplifaya na kusikiliza mngurumo wa umeme. Pikapu moja ikifunguliwa peke yake, mngurumo kidogo ni jambo la kawaida. Zote mbili zikifunguliwa hadi mwisho, mngurumo huo unapaswa kupungua sana, kwa sababu pikapu hizo zimetengenezwa ili moja iufute mngurumo wa nyingine. Usipopungua, huenda pikapu moja imebadilishwa, imesukwa upya au imeunganishwa vibaya.

Fundi mwenye mita ya umeme anaweza kupata jibu la uhakika zaidi. Pikapu nzima ya aina hii kwa kawaida husoma takribani ohmu 7,000 hadi 8,000. Isiyosoma chochote ina waya uliokatika ndani. Inaweza kusukwa upya na kulia vizuri, ila uhalisi wake umeshapungua.

Vitufe vinavyokwaruza si sababu ya kuliacha gitaa. Mara nyingi vinahitaji kusafishwa tu, na ni kazi ya muda mfupi.

Ushahidi wa umri

Wauzaji wengi hutaja namba ya utengenezaji kama uthibitisho wa umri. Namba hiyo husaidia, lakini peke yake haitoshi.

Hadi mwaka 1976, Fender iliichapa namba hiyo kwenye bamba la chuma linaloshikilia shingo kwa nyuma. Bamba hilo hufunguliwa kwa dakika chache na linaweza kuhamishiwa kwenye gitaa jingine lolote. Baada ya hapo namba ilihamia kichwani, ikianza na herufi S kwa miaka ya 1970. S7, kwa mfano, huashiria 1977. Hata hivyo, namba za mwaka mmoja wakati mwingine zilitumika hadi mwaka uliofuata.

Ushahidi wenye nguvu umo ndani. Kwenye kisigino cha shingo, mahali panapofichwa na mwili wa gitaa, mara nyingi hukutwa muhuri au maandishi ya tarehe. Chini ya vitufe vya sauti kuna potensiometa, na nyingi zimechapwa tarakimu zinazoeleza zilikotoka na lini zilitengenezwa.

Kwa mfano, tarakimu 1377633 husomwa hivi: 137 ni kampuni ya CTS, 76 ni mwaka 1976, na 33 ni wiki ya 33 ya mwaka huo. Tarakimu zinazoanza na 304 ni za kampuni ya Stackpole.

Tarehe hiyo huonyesha kwamba gitaa halikuunganishwa kabla ya wakati huo. Haionyeshi lilikamilika lini, kwani kiwanda kilikuwa na akiba. Potensiometa nyingi za mwaka 1966 zilitumika kwenye magitaa ya miaka kadhaa iliyofuata.

Kinachotafutwa ni maelewano. Shingo, potensiometa, pikapu na namba ya utengenezaji zikielekeza kipindi kimoja, ushahidi ni mzuri. Kimoja kikisema 1974 na kingine 1981, huenda gitaa hilo limeunganishwa kwa vipuri vilivyotoka sehemu mbalimbali.

Matundu ya skrubu yasiyo na kazi kwenye mwili, karibu na daraja au nyuma ya kichwa, yanaeleza kwamba kuna kitu kiliondolewa. Risasi ya kulehemu inayong'aa ndani ya gitaa la miaka 50 inaeleza kwamba saketi iliguswa hivi karibuni. Rangi iliyoingia ndani ya matundu ambayo hayakupaswa kuwa na rangi inaeleza kwamba gitaa limepakwa upya.

Kwa sababu hiyo, muuzaji anayedai bei ya gitaa halisi lakini anakataa gitaa kufunguliwa mbele ya mnunuzi au fundi wake, anaomba kulipwa kwa kitu ambacho hajakithibitisha. Anayeuza kwa mbali anaweza kupiga picha za sehemu hizo.

Kukokotoa bei

Bei iliyotajwa kwenye tangazo ni matumaini ya muuzaji. Kipimo cha soko ni bei ambazo magitaa ya aina na hali hiyohiyo yameuzwa kweli, na maduka makubwa ya mtandaoni ya vyombo vya muziki huonyesha kumbukumbu za mauzo yaliyokamilika.

Mnunuzi aanze na bei ya gitaa halisi kamili, kisha apunguze. Kanuni inayotajwa sana katika biashara hiyo ni kwamba gitaa la zamani lililopakwa rangi upya hupoteza takribani nusu ya thamani yake, hata kama kazi ya rangi ni nzuri. Pikapu, daraja au funguo za kukazia nyuzi zilizobadilishwa hupunguza zaidi, ingawa muuzaji akiwa na vipuri vya awali pembeni pengo huwa dogo.

Tuseme magitaa halisi ya mwaka fulani yanauzwa dola 4,000. Lililo mbele ya mnunuzi limepakwa rangi upya. Thamani inashuka hadi dola 2,000. Freti zimelika na fundi anataka dola 400 kuzibadilisha. Bei ya haki imebaki dola 1,600. Muuzaji anayeshikilia dola 3,500 kwa sababu "ni la zamani" anauza umri ambao soko halilipi kwa kiasi hicho.

Hesabu hiyo ina upande wa pili. Kwa mwanamuziki ambaye hana mpango wa kuuza, gitaa lililopakwa rangi upya lakini lenye shingo imara na pikapu za awali linaweza kuwa ununuzi bora kuliko yote, kwa kuwa analipia sauti na kuachana na gharama ya uhalisi.

Anayeagiza kutoka nje ajumlishe pia usafirishaji, bima, ushuru wa forodha na VAT kabla ya kulinganisha bei na ya chombo kilichopo nchini.

Umiliki na mipaka

Magitaa yenye thamani kubwa huibwa. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown mjini Detroit, aliibiwa Precision Bass lake la mwaka 1962 muda mfupi kabla ya kufariki dunia mwaka 1983. Lile la Pastorius liliibwa New York mwaka 1986, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Lilipoibuka tena miaka 20 hivi baadaye, ulizuka mgogoro wa umiliki, hadi Robert Trujillo, mpiga besi wa kundi la Metallica, aliposaidia lirejee kwa familia.

Mnunuzi wa kawaida hatakutana na gitaa la gwiji, lakini kanuni ni ileile. Risiti za awali, picha za zamani za muuzaji akiwa na gitaa na hati ya mauziano yenye namba ya utengenezaji ni kinga ya gharama ndogo.

Mbao nazo zina sheria zake. Hadi katikati ya miaka ya 1960, Fender ilitumia kwenye shingo nyingi mbao za Dalbergia nigra kutoka Brazil. Mti huo uko katika ulinzi wa juu kabisa wa mkataba wa kimataifa wa CITES tangu mwaka 1992, hivyo kuuvusha mipakani kibiashara kunahitaji vibali.

Mti huo ni ndugu wa mpingo unaofahamika Tanzania na Msumbiji, ambao nao ni wa jamii ya Dalbergia. Jamii hiyo yote iliwekewa masharti mwaka 2017, lakini vyombo vya muziki vilivyokamilika vilisamehewa mwaka 2019, isipokuwa vile vya mti wa Brazil. Gitaa la miaka ya 1970, ambalo kwa kawaida lina mbao za jamii hiyo kutoka India au halina kabisa, halina mzigo huo.

Anayelileta gitaa katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Mombasa au Tanga akumbuke pia hali ya hewa. Mbao zilizozoea ukavu hunywa unyevu na shingo husogea. Gitaa lipumzishwe wiki kadhaa kabla ya kurekebishwa, kisha lifutwe jasho kila baada ya kazi, kwani hewa ya chumvi hula vyuma.

Nani anunue

Gitaa la zamani linafaa kwa mpigaji aliyelijaribu, akakuta shingo yake imara na sauti yake inamtosheleza, akathibitisha umri wake kwa zaidi ya alama moja, na bado akabakiwa na fedha za matengenezo.

Halifai kwa anayetafuta chombo chake cha kwanza cha kazi. Huyo, kwa bei ya besi moja ya miaka ya 1970, anaweza kupata gitaa jipya lililo imara, amplifaya, mkoba mgumu na nyuzi za miaka kadhaa, na bado akabakiwa na akiba.

Wala halifai kwa anayelinunua kwa matumaini tu kwamba litapanda bei. Soko la magitaa ya zamani limewahi kupanda na kushuka, na gitaa lenye vipuri vilivyobadilishwa ndilo huwa gumu zaidi kuuzika linaposhuka.

Mpigaji mwenye shaka anaweza kufanya jaribio moja la mwisho: alipige gitaa la zamani na jipya la aina hiyohiyo kwa kupokezana, kwenye amplifaya moja, huku mwenzake akisikiliza akiwa amegeuka. Iwapo tofauti haisikiki, au jipya ndilo linalopendeza, basi kinachobaki kwenye bei ni historia, na kila mnunuzi anajua mwenyewe kama ana uwezo wa kuilipia.